Amen Ilingoja Kiswahili

Mwende alinipigia simu asubuhi nikiwa naanika nguo, akaniambia Pasta Zakayo ametutoka. Nilishusha beseni nikakaa ngazini. Nilimlilia, sifichi, maana yule mzee ndiye aliyenipa kazi ya kwanza niliyoipenda maishani, ingawa haikuwa na mshahara. Kabla sijapangusa macho vizuri Mwende akaongeza, "Wanataka wewe utafsiri siku ya mazishi. Kuna wageni watahubiri kwa Kiingereza. Lakini kuna neno." Neno lenyewe lilikuwa kwamba Ezra, mwenyekiti wa kamati ya mazishi, anataka kwanza niketi na wazee wa kanisa na nikiri mbele yao kwamba mwaka ule nilimkosea Pasta. Nikiri, mimi huyu! Nilicheka mpaka jirani akachungulia dirishani, akidhani nimepata habari njema. Nikamwambia Mwende kwamba kikaoni nitakuja, kwa kuwa kingefanyika kwake Tassia na chai yake siwezi kuikataa, na kwa kuwa nilitaka sana kusimama karibu na Pasta mara ya mwisho na kusema maneno kwa ajili yake. Lakini hilo la kukiri wasahau. Nimezeeka, magoti yananiuma, wajukuu wananiita mkali, na jibu langu ni lile lile.

Wanaosimulia kisa hiki huko Kariobangi, lilikokuwa kanisa letu, husema kwamba niliharibu ibada. Wengine wameshaongeza kwamba nilimnyang'anya Pasta maikrofoni, na kuna mmoja alinikuta sokoni akaniambia nilipandwa na mapepo. Wacha basi nikisimulie mimi niliyekuwepo. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, kazi sina, na nilikuwa nakaa na Mwende katika chumba kimoja cha ploti, nyumba za kupanga zenye bomba moja la maji, ambacho dirisha lake lilitazama karakana ya masanduku ya bati. Nyundo zilianza mapema na hazikunyamaza mpaka jioni, kwa hiyo mimi na Mwende tulizoea kuongea nyundo zikipumzika, tukikatiza sentensi katikati na kuzimalizia baadaye. Pazia la maua lilitenga kitanda na stovu. Mwende alifanya kazi kwa wachongaji, watu wa kwao Ukambani waliochonga twiga na vifaru vya kuuzia watalii. Wao walichonga, yeye akasugua kwa msasa mpaka mti ukalainika, kisha akapaka rangi ya viatu ili ung'ae. Vidole vyake vilikuwa vyeusi siku zote na chumba chetu kilinuka rangi ya viatu, hata mkate ulinuka. Alipika muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, na mimi nikamlalamikia kwamba hicho si chakula, ni adhabu ya meno. "Kula, msomi," alikuwa akiniambia. "Kiingereza hakishibishi." Sijawahi kuishi na mtu niliyempenda hivyo, na ninasema hivyo nikiwa nimeolewa mara mbili.

Kanisa letu lilikuwa la mabati, sakafu ya udongo, na spika moja iliyokuwa ikikoroma. Pasta Zakayo siku za kazi alikuwa mtunza stoo katika kiwanda cha sabuni. Wiki nzima alikuwa mtu wa Kiswahili. Alinunua mboga ya sukuma kwa Kiswahili, aligombana na mwenye ploti kwa Kiswahili, na alipomkemea mbwa alimkemea kwa Kiswahili. Jumapili akipanda madhabahuni, Kiingereza kitupu, na pembeni yake mkalimani wa kugeuza sentensi kwa sentensi. Mtu wa mbali angeuliza kuna haja gani, kwa kuwa waumini walikuwa makarani, madereva na watu wa viwandani, na wengi wao walielewa alichosema kabla mkalimani hajafungua mdomo. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi yetu, na si yetu peke yetu, makanisa mengi ya mitaa ya Eastlands yalikuwa hivyo. Bila mkalimani haikuwa mahubiri, ilikuwa kama mkutano wa wazazi shuleni. Mkalimani alikuwa na sheria zake. Pasta akisema "mimi", nawe unasema "mimi". Akiruka, unaruka. Akishuka kwenda kwa watu, unamfuata nyuma yake ukiburuta waya. Na amen haikutoka mpaka Kiswahili kitoke. Kiingereza kilikuwa cha kusikiliza na Kiswahili cha kuitikia, na hata karani aliyeelewa yote alikaa na amen yake mdomoni akimngoja mkalimani. Mkalimani wetu wa zamani alipohamia Nakuru, Pasta alinitazama mimi, binti wa kwaya, akasema, "Huyu ana ulimi." Ndivyo nilivyoanza.

Kila Alhamisi nilikwenda kula nyumbani kwake, nyuma ya kanisa, tupitie mahubiri ya Jumapili. Mkewe, Mama Salome, alisonga ugali wa wimbi na kupika mrenda, ile mboga inayoteleza ambayo watu wa kwetu magharibi hatuwezi kuieleza kwa mgeni. Hapo mezani ndipo tulipogombania maneno, mimi na Pasta, na ugomvi huo niliupenda kuliko ibada yenyewe. Yeye alikuwa na Kiingereza kipana cha kuamini. Alisema believe, alisema faith, alisema trust, alisema convinced, aliyatupa yote katika pumzi moja, na alitaka mimi niyarudishe yote kwa "kuamini" na "imani". Mimi nikamkatalia. Nilimwambia kwamba Mwingereza akisema believe anaweza kuwa anamsema Mungu au anasema tu basi limeshapita, na hapo kwa Kiswahili mtu huyo anadhani, haamini chochote. Faith, nikamwambia, hiyo ndiyo imani, unaishika hata mikono ikiwa mitupu. Trust ni kumtegemea mtu, kumwachia mzigo wako na kwenda kulala. Na convinced ni kusadiki, yaani ubishi umekwisha, mtu kaweka chini fimbo. "Binti yangu," Pasta akasema huku akikata tonge, "watu wangu wana njaa na wewe unawachambulia mchele. Sema kuamini. Yote yanaingia humo." Nikasema hayaingii. "Mungu namwamini, Pasta. Wewe nakutegemea. Na Mama Salome akisema chumvi imezidi, namsadiki." Mama Salome alicheka mpaka akashika ukuta. Pasta naye akacheka, na Jumapili hiyo akaniacha niseme nilivyotaka. Sikuwahi kufikiri kwamba mchele ule ungekuja kuwa na mawe.

Kwa kikohozi cha Mwende tulililaumu vumbi la msasa. Wachongaji wote walikohoa. Halafu akakonda, halafu shuka likaanza kulowa jasho, halafu siku moja akakohoa kwenye leso na akaikunja haraka kabla sijaona, lakini nilishaona. Zahanati wakasema kifua kikuu. Wakampa sindano na vidonge vya kumeza kwa miezi mingi, na muuguzi, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kugomba, akatuambia sote wawili kwamba ugonjwa huu una ujanja: utapata nafuu mapema, utajiona mzima, na ukiacha dawa hapo, ugonjwa utarudi na meno mapya. Mwende aliambiwa pia kwamba dawa zitabadilisha rangi ya mkojo, lakini hilo alilisahau, na siku alipouona mwekundu alitoka chooni analia akiniambia nimwandikie mama yake. Tulicheka baadaye. Yasiyochekesha yalikuwa ya bombani. Wanawake wa ploti walipotuona wakaanza kuhamisha ndoo zao kutoka karibu na zetu, na nikiwa nimejifungia chumbani niliwasikia wakinong'ona, "Huyo wa wachongaji ana ule ugonjwa wenyewe. Hiyo ya kifua ni kisingizio." Siku zile ule ugonjwa haukutajwa jina. Wachongaji nao wakamwambia apumzike, na hawakusema mpaka lini. Mwende, aliyekuwa akiimba akisugua vifaru, akanyamaza. Nilikasirika kiasi kwamba siku moja nilikiosha kikombe chake hadharani bombani, nikakijaza maji, nikanywa nikiwatazama machoni mmoja mmoja.

Pasta Zakayo hakumkimbia, na hili lazima nilieleze kwa haki. Alikuja chumbani kwetu, akaketi kwenye kitanda cha Mwende, akala muthokoi wake kutoka sahani moja naye, akamwekea mikono akaomba mpaka jasho likamtoka. Baada ya wiki kadhaa homa ikakatika. Mwende akanenepa mashavu, akaanza kupanda ngazi bila kusimama. Muuguzi alituambia itakuwa hivyo. Lakini Pasta alichoona ni kwamba aliomba na mtu akapona, na nani angemlaumu kwa kufurahi. Kosa lilianzia kwenye kile alichotaka kifuate. Alimwita Mwende kwenye benchi la nje ya kanisa, mimi nikiwa ndani nafagia, na nikamsikia kupitia mabati. Alisema atatangaza Jumapili ya ushuhuda. Patawekwa beseni mbele ya madhabahu, na wote walioponywa wataleta dawa zao na kuzitia humo. "Imani haina spea tairi, binti yangu," akasema. "Ukishika vidonge mkono huu na Mungu mkono huu, utakuwa hujaamini." Mwende akasema, "Ndiyo, Pasta," kwa sauti ndogo niliyoichukia.

Nilimkabili Mwende chumbani, nyundo za nje zikitukatiza. Nilimkumbusha muuguzi. Nilimwambia kwamba kumwamini Mungu ni jambo moja na kumtegemea muuguzi ni jambo jingine, na kwamba hayo mawili hayajawahi kugombana isipokuwa kwenye benchi la Pasta. Mwende alikuwa anakunja nguo. Hakunikasirikia, na ingekuwa afadhali angenikasirikia. "Wewe una maneno, Rispa," akaniambia. "Mimi nina kikohozi. Unajua ilivyo watu wakisogeza ndoo? Nikisimama pale mbele nikatia zile dawa kwenye beseni, kanisa lote likaitikia amen, nitakuwa mtu tena. Hata wale wa bombani watasikia." Nikamuuliza, na ukirudiwa? Akasema, "Basi nitakuwa nimekuwa mtu kidogo." Nilitoka nje nikasimama kwenye uchochoro nikiwa na hasira, si kwake, kwa ploti nzima.

Alhamisi hiyo nilikwenda kula kama kawaida. Nilimwambia Pasta wazi kwamba anachomwomba Mwende si imani. Nilimwambia Kiingereza chake mwenyewe kina maneno tofauti kwa sababu ni vitu tofauti, na kwamba mtu anaweza kuwa na faith yote ya dunia na bado akameza kidonge chake asubuhi, kama yeye anavyoamini Mungu humlinda na bado hufunga stoo ya kiwanda kwa kufuli. Mama Salome aliacha kusonga ugali. Pasta hakupandisha sauti, hakuwa mtu wa kupandisha sauti nyumbani. "Mkalimani hana mahubiri yake," akasema. "Mkalimani ni mdomo. Jumapili utasema ninachosema." Nilimaliza mrenda wangu, nikaosha sahani, nikaaga.

Jumapili ilikuja na jua kali na kanisa lilijaa mpaka watu wakasimama nje. Walikuja hata wanawake wawili wa bombani. Beseni lilikuwa la bluu, lile Mama Salome alilofulia, limewekwa juu ya kiti kilichofunikwa kitambaa cheupe. Ezra, aliyekuwa kijana wa ngoma wakati huo, alikuwa anapiga taratibu. Pasta alihubiri vizuri, nitasema ukweli, na mimi nilitafsiri vizuri, tukapanda pamoja na kushuka pamoja, na amen zikawa zinatikisa mabati. Mama mmoja mwenye presha alikuwa na haraka, akaenda na kutia pakiti yake kabla hajaitwa. Kisha Mwende akainuka kutoka benchi la tatu, pakiti mkononi, nguo yake ya kijani ikiwa imepigwa pasi, akasimama kwenye njia ya katikati. Pasta akanyoosha mkono, akasema kwa Kiingereza kwamba ikiwa unaamini, zitupe, hutazihitaji tena. Akanyamaza, zamu yangu ifike.

Nami nikanyamaza. Sikuwa nimepanga, ingawa watu hawaniamini. Nilifungua mdomo na sentensi haikuja. Pasta akadhani sikusikia, akairudia kwa nguvu zaidi. Nikatazama mbele. Kanisa zima lilikuwa limeelewa, makarani wale na madereva wale, nawaona mpaka leo wamevuta pumzi, vinywa nusu wazi, na hakuna aliyeitikia, kwa kuwa Kiswahili hakijatoka. Ezra alipiga ngoma kunisukuma. Mwende alikuwa amesimama pale pale, mguu mmoja mbele, anangoja amen imbebe. Pasta akairudia mara nyingine, jasho linamtoka, akanigeukia na macho yake yalikuwa ya kuomba. Nilimpenda mzee yule. Nikasogeza maikrofoni nikasema, "Pasta, hilo sisemi." Na kanisa lote, nje na ndani, likaitikia, "Amen!"

Mungu wangu, walivyoitikia. Walikuwa wameikalia muda mrefu mno, na walikuwa wamezoea sauti yangu, ikinyamaza tu ndipo wao waitikie. Ilichukua muda wajue wameitikia nini. Hapo wengine wakacheka, wengine wakashika midomo, na Pasta akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya madhabahuni. Alinipita, akashuka hatua mbili, akasema kwa Kiswahili, kwa sauti ile ile ya kuulizia sukuma, "Mwende, lete hizo dawa zako." Hakukuwa na pa kurukia. Hakukuwa na mtu wa kumfuata na waya. Kwa Kiingereza na mimi pembeni lilikuwa tendo kubwa la imani. Kwa Kiswahili cha siku za kazi alikuwa mzee wa stoo anamwomba msichana mgonjwa dawa zake, na kila mtu alilisikia hivyo. Naye alilisikia, nililiona usoni mwake. Hakuna aliyesema amen. Mwende alimtazama, akanitazama mimi, akaitia pakiti ndani ya nguo yake kifuani, akarudi kwenye benchi akaketi. Mama Salome ndiye aliyeanzisha wimbo.

Waliniondoa kwenye ukalimani wiki hiyo hiyo, na kwenye kwaya wiki iliyofuata. Wazee walisema nimeasi, na kwamba mdomo ukijifanya kichwa mwili unapotea. Yule mama wa presha alikuja Jumatatu asubuhi kwa Mama Salome kuulizia pakiti yake, akapewa bila maneno. Mwende alimeza dawa mpaka mwisho, akiziapiza kila asubuhi, na wa bombani waliendelea kusogeza ndoo kwa muda, kisha wakachoka. Beseni halikuwekwa tena madhabahuni. Sijui kama ni kwa ajili yangu, na sijidai. Nilikutana na Pasta sokoni mwishoni mwa mwaka, akachagua sukuma, akaniuliza bila kuniangalia, "Mwenzako anaendeleaje?" Nikamwambia amemaliza dawa, amerudi kwa wachongaji. Akasema, "Vizuri, binti yangu," akaniongezea fungu moja la sukuma kwenye kapu langu akaenda zake. Hatukuzungumza tena yale, na kama kulikuwa na deni kati yetu, mimi na yeye tulishalimaliza pale.

Kwa hiyo juzi nilipanda ngazi za ghorofa ya Mwende pale Tassia nikihema, nikawakuta wazee sebuleni, Ezra katikati, ndevu nyeupe, suti ya msiba. Vikombe vilikuwa tayari, mandazi yamefunikwa. Mwende, mwenye wajukuu watatu na mapafu ya kupandia ghorofa nne na mtungi wa gesi, alikuwa jikoni akichemsha maziwa. Tulisalimiana, tukamwombea marehemu. Kisha Ezra akakohoa kidogo, akaanza kwa upole. "Dada Rispa, hatutaki mengi. Unajua Pasta alikupenda. Wewe sema tu mbele yetu kwamba siku ile imani yako ilipungua. Ukisema hivyo, tunafunga jambo, na Jumamosi unasimama na wageni."

Niliweka kikombe chini. Nilimwambia Ezra kwamba imani yangu siku ile haikupungua hata punje, ndiyo iliyonishika ulimi. Nilimwambia nilimwamini Mungu wa Pasta kuliko beseni la Pasta. Nilimwambia kwamba nilitaka sana kutafsiri Jumamosi, na nataka hata sasa ninapoandika, na kwamba ningeyasema mema yote ya mzee yule kwa moyo wangu wote, muthokoi ule kwenye sahani moja, mikono ile juu ya kichwa cha mgonjwa aliyekimbiwa. Ezra akatikisa kichwa. "Hayo ni mazuri, dada. Lakini lile la kukosea?"

"Hilo sisemi," nikasema.

Kutoka jikoni, sufuria mkononi, Mwende akaitikia kwa sauti ya kanisa, "Amen!" Na wazee wote sebuleni, Ezra akiwemo, wakaitikia naye kabla hawajajua wanafanya nini.